Shingo ya Mama Viungo

Wahenga walisema kwamba mganga hajigangi. Hawakusema hivyo kwa kuwadharau waganga. Walikuwa wameona kwamba ujuzi wa mtu, hata ukiwa mpana kama anga, una mahali usipofika, na mara nyingi mahali penyewe ni pale pale aliposimama mwenye ujuzi. Anayebisha na asikilize yaliyompata Mama Viungo.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wagonjwa, likamganda kama ulimbo, hata barua za ofisi ya mganga mkuu zikawa zinamwita hivyo. Wageni walikuwa wakilielewa vibaya. Siku moja mwanamke mmoja alifika mlangoni mwa ukumbi wa tiba ya viungo na kikapu mkononi, akiulizia mdalasini na pilipili manga. Mama Viungo alimtazama anavyochechemea, akamkalisha, akalishika goti lake. Yule mwanamke aliondoka baadaye bila mdalasini, lakini akikunja goti ambalo lilikuwa limegoma kukunjika tangu masika.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mwisho wa ujia mrefu wa hospitali, baada ya chumba cha dawa. Ulikuwa na vitanda vitatu vya chini vilivyovikwa ngozi ya kijani, kioo kirefu ukutani, vyuma viwili sambamba vya kushikilia wanaojifunza kutembea, mipira mikubwa ya kukalia, na ngazi ya mbao iliyopanda vidato vichache kisha ikashuka upande wa pili bila kwenda popote. Mama Viungo aliijua kila pembe ya ukumbi ule kama mtu anavyoujua mdomo wake. Watu waliingizwa pale kwa viti vya magurudumu, wakatoka kwa miguu yao. Wengine walirudi sikukuu, wamevaa vizuri, si kwa matibabu bali kumwonyesha tu jinsi wanavyotembea. Naye aliwatazama huku amekunja mikono kifuani, akasema, "Kisigino kwanza, kisha vidole," kwa sauti ya ukali ambayo haikumdanganya mtu. Uso wake ulikuwa unang'aa kama sahani iliyosuguliwa.

Hapo ukumbini alikuwepo pia binti mmoja, mtaalamu wa viungo, ambaye Mama Viungo alimfundisha kazi tangu akiwa mwanagenzi. Alipokuja mara ya kwanza mikono yake ilikuwa ya utulivu mno. Aliushika mguu wa mgonjwa kana kwamba anasikiliza kitu kwa ndani, na wagonjwa wengine wakawa wanasinzia kwenye benchi wakisubiri zamu. "Mwanangu," Mama Viungo alimwambia siku hizo, "wagonjwa wako kule nje wanaota mizizi." Akambandika jina la Taratibu. Binti alilipokea jina kwa kicheko, akaendelea kufanya kazi vile vile. Miaka ikapita, akapata cheti, akapata kitanda chake mwenyewe karibu na dirisha. Ila jina halikumtoka.

Maumivu yalimjia Mama Viungo kwa kunyata, kama paka aendaye kwenye mboga. Yalianzia kisogoni, upande wa kulia, pale shingo inapokutana na fuvu. Yakapanda juu ya sikio, yakaja kupiga kambi nyuma ya jicho. Mwanzoni yalikuja alasiri tu, baada ya kazi nyingi. Baadaye yakaanza kumngoja kitandani, akifumbua macho yanamwamkia.

Hakuwa na haja ya kuambiwa ni nini. Alikuwa ameyatibu maumivu hayo kwa makarani, kwa madereva, kwa mafundi cherehani. Alijua kwamba kichwa kinaweza kuuma kwa sababu ya shingo, kama vile taa ya chumbani inavyozimika kwa sababu ya waya ulioharibika sebuleni. Basi akajitibu. Alisimama mbele ya kile kioo kirefu, akajitazama, akajikanda kisogo kwa vidole gumba vyake mwenyewe. Akabana mpira kati ya shingo na ukuta. Akajifunga taulo la moto. Kila mara alipata nafuu ya kitambo kifupi, kisha maumivu yakarudi na mizigo yao.

Ndipo akaanza vidonge. Kimoja asubuhi, kingine adhuhuri, na siku ngumu kingine tena. Yeye aliyekuwa akiwaonya wagonjwa kwamba kidonge cha kutuliza maumivu kikizoeleka kila siku huanza chenyewe kulisha kichwa maumivu, sasa alikuwa navyo mfukoni mwa koti jeupe, vikimlialia kama karanga kila anapopiga hatua.

Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache yenye misumari ndani yake. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba. Asubuhi moja alimwita mkewe kutoka mlangoni, na mkewe akageuka mwili mzima, mabega, kiuno na miguu.

"Mama watoto," seremala akasema, "siku hizi ukiitwa unageuka kama kabati."

"Nimelalia vibaya."

"Mwezi wa ngapi huu unalalia vibaya? Kile kitanda nilikitengeneza kwa mikono yangu. Hakina kosa."

"Basi kosa ni la mto."

"Mpelekee shingo mtu akuangalie."

Mama Viungo akacheka kidogo, kwa uangalifu, maana hata kicheko kilimgonga kisogoni. "Nimpelekee nani, baba watoto? Watu wanatoka mbali kuniletea shingo zao mimi."

Seremala alichukua randa yake akarudi kwenye mbao. Mkewe alipobaki peke yake aliamua kulimaliza jambo lile mara moja. Alishika kidevu kwa mkono mmoja na utosi kwa mkono wa pili, akavuta pumzi, akaizungusha shingo kwa nguvu. Kitu kililia ndani kama kijiti kikavu. Machozi yakamtoka, na siku ile nzima alikuwa kazini shingo imesimama wima kama mlingoti, akiwasalimu watu kwa macho tu. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.

Wakati huo ukumbini alikuwepo mgonjwa mmoja, mwashi, mtu wa miraba minne, aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga. Mifupa ilikuwa imeunga, lakini moyo wake ulikuwa bado uko kwenye lile jukwaa, unaanguka. Kwa majuma mengi alikuwa akitembea kati ya vyuma viwili, ameving'ang'ania mpaka vifundo vya vidole vinageuka vyeupe. Mama Viungo alikuwa amemwahidi kwamba siku atakayoviachia, yeye atakuwa nyuma yake na mkanda mkononi, na hataanguka.

Siku yenyewe ikafika. Mama Viungo alimfunga mkanda mpana kiunoni, akaushika barabara kwa nyuma. "Achia," akasema. "Mimi nipo."

Mwashi akaachia. Akapiga hatua ya kwanza, akapiga ya pili. Watu kwenye benchi wakanyamaza kumtazama. Hapo hapo maumivu yakamchoma Mama Viungo nyuma ya jicho kama msumari, sakafu ikainama upande mmoja, na vidole vyake vikalegea kwenye mkanda. Mwashi aliyumba. Taratibu, aliyekuwa kitanda cha pili akimnyoosha mtu mkono, aliruka na kuingiza bega lake chini ya kwapa la mwashi kabla uzito haujashuka. Wote watatu wakashuka polepole mpaka kwenye mkeka wa mazoezi, wakaketi wamefungamana kama kuni kwenye tita.

Hakuna aliyeumia. Mwashi alijipapasa nyonga, akaona iko salama, kisha akamgeukia mtaalamu wake. Sauti yake haikuwa na lawama, na hilo ndilo lililomwingia zaidi Mama Viungo.

"Mama," alisema, "leo nani alikuwa anamshika mwenzake?"

Baada ya wagonjwa kuondoka, Taratibu alimfuata mwalimu wake katika chumba kidogo cha ofisi, ambamo kulikuwa na meza, birika la umeme na mfano wa uti wa mgongo uliotundikwa kwenye kigingi. Akafunga mlango.

"Mwalimu, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Shingo."

Mama Viungo akajishughulisha na birika. "Mwanangu, shingo nilikufundisha mimi. Pingili moja moja, kwa huo mfano uliotundikwa hapo."

"Ndiyo, ulinifundisha. Na ulinifundisha kwamba mtu akiumwa kichwa na shingo, kisha akaona kizunguzungu, daktari amtazame kwanza kabla mkono wa mtu haujamgusa. Daktari amekutazama?"

Birika lilianza kunung'unika. Mama Viungo alilitazama kana kwamba ndilo litakalomjibia.

"Angekuwa mgonjwa wako ungemfanyaje?" Taratibu akauliza.

"Ningemkaripia."

"Mimi siwezi kukukaripia, Mwalimu. Adabu hairuhusu. Jikaripie mwenyewe, mimi nitasimama hapa nisikilize."

Mama Viungo hakujikaripia, lakini kesho yake alikwenda kwa daktari. Daktari mwenyewe alikuwa kijana aliyehamia hospitalini hivi karibuni, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na adabu nyingi. Alimpima msukumo wa damu, akammulika macho, akampigapiga magoti kwa kinyundo, akamtembeza juu ya mstari, kisha akaitazama picha ya shingo yake mbele ya mwanga. Hakuona la hatari. Akamweleza kwa upole kwamba vidonge sasa vimekuwa sehemu ya ugonjwa, apunguze mpaka aache, na kwamba siku za kuacha zingekuwa ngumu kabla ya kuwa nyepesi.

"Dawa yako hasa, mama, haiko dukani," daktari akamalizia. "Nakutuma ukumbi wa tiba ya viungo, mwisho wa ujia huu. Kuna mama mmoja pale wanamwita Mama Viungo. Wanasema hana mfano. Mwambie nimekutuma mimi."

Mama Viungo alimtazama kijana wa watu kwa muda. "Nitamfikishia salamu," akasema, akatoka.

Alipofika katikati ya ujia alilazimika kuegemea ukuta, kwa sababu kicheko kilimshika na kila kilipomtikisa, kichwa kilimwanga. Wapita njia walidhani analia. Na kweli, kicheko kilipokwisha, ilibaki kazi ya kufikiri. Alikuwa ametumwa kwa Mama Viungo, na Mama Viungo alikwisha kumtibu, akamzidishia. Akajifuta macho, akaingia ukumbini, akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha karibu na dirisha.

"Haya, mwanangu," akasema. "Mgonjwa wako huyu hapa."

Alitarajia kuambiwa alale. Lakini Taratibu alimwambia aendelee na kazi zake kama kawaida. Yeye mwenyewe akavuta kigoda, akaketi kando, mikono mapajani.

"Unatazama nini?" Mama Viungo akauliza baada ya mgonjwa wa kwanza. "Shingo iko huku juu, njoo uishike."

"Nikiishika itaniambia inapouma, Mwalimu. Nataka nijue inaishije."

Asubuhi nzima ikapita hivyo. Mama Viungo alinyoosha magoti, akainua mikono iliyopooza, akakunja nyayo, na kila akigeuka alikuta macho mawili yametulia juu yake. Alianza kuchukia kidogo. Wagonjwa walipokwisha, Taratibu akamwomba mwashi apande kwenye kitanda, kisha akamwambia mwalimu wake amshike kisigino autazame mguu kama anavyoutazama kila siku. Mama Viungo akafanya. Taratibu akaweka kidole kimoja chini ya kidevu chake.

"Mwalimu, hiki kidevu kiko wapi?"

Kidevu kilikuwa mbele, mbali kabisa na kifua, kimeinuliwa kama cha kobe anayechungulia kutoka gambani. Ndipo mambo yakafunuka. Mama Viungo alikuwa amevaa miwani mpya yenye kioo cha sehemu mbili, juu ya kuonea mbali na chini ya kuonea karibu. Vile vitanda alivichagua mwenyewe, vya chini, ili wakongwe na waliovunjika wapande bila taabu, na yeye alikuwa mrefu. Kwa hiyo kila alipomshika mgonjwa aliinama sana, kisha ili auone mguu kupitia sehemu ya chini ya miwani, alilazimika kukisukuma kidevu mbele na kukiinua. Kisogo chake kilijikunja juu ya zile pingili ndogo za juu ya shingo, mgonjwa baada ya mgonjwa, kutwa nzima.

"Lakini mimi najitazama kwenye kioo kila siku," Mama Viungo akasema.

"Ukijitazama kwenye kioo unasimama wima, na unatazama kwa sehemu ya juu ya miwani. Kioo kinakuonyesha mtu anayejitazama. Mtu anayefanya kazi hakijawahi kukuonyesha."

Mama Viungo aliketi ukingoni mwa kitanda karibu na miguu ya mwashi. Alikuwa amewaona wengi wakikisukuma kidevu namna ile, na aliwatambua kutoka mlangoni kabla hawajafungua kinywa. Chake hakuwahi kukiona, kwa kuwa hakuna mwenye macho ya kisogoni. Akahisi aibu, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinachemka kama maji ya birika. Alikuwa anajivunia. Jicho lile lililomwona, nani alilinoa?

Kumtibu haikuwa kazi nyepesi. Mama Viungo alikuwa mgonjwa mbaya kuliko wote waliowahi kulala juu ya ngozi ile ya kijani. Taratibu alipomwekea vidole kisogoni na kuanza kuzisogeza pingili kwa upole, mgonjwa alitoa maagizo. "Juu zaidi. Hapana, kulia. Bonyeza, usiogope. Mimi hapo ningetumia kidole gumba." Taratibu akaondoa mikono yake, akaenda kunawa, akarudi akasimama.

"Mwalimu, kitanda hiki kinabeba mtu mmoja. Kama mtaalamu ni wewe, shuka nilale mimi."

Mwashi, aliyekuwa ameketi kwenye ile ngazi isiyokwenda popote akikunja na kunyoosha mguu, alikohoa kuficha kicheko. Mama Viungo akafumba macho na kinywa.

Kisha likaja jaribio ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiwapa wagonjwa. Alale chali, aitikie "ndiyo" kwa kichwa, kidogo sana, bila kukiinua, ili misuli ya ndani ya shingo ifanye kazi na ile ya nje ipumzike. "Itikia kama mtu anayekubali jambo asilotaka kulikubali," Taratibu akasema. Lilikuwa zoezi ambalo mabibi vizee walilifanya wakipiga soga. Mama Viungo aliitikia, na baada ya muda mfupi kidevu kikaanza kutetemeka, kamba za shingo zikamtoka, jasho likamlowesha kipaji. Mtu ambaye mikono yake iliweza kumwinua mwashi alikuwa na shingo isiyoweza kushikilia "ndiyo" moja.

Alipewa zoezi hilo la nyumbani, pamoja na jingine la kuvuta mabega nyuma na chini. Hakuyafanya. Alisema ameyafanya.

"Vizuri," Taratibu akajibu. "Nionyeshe."

Mama Viungo akaonyesha, na shingo ikasema kweli ambayo mdomo ulificha.

"Mwalimu, uliniambia mgonjwa akinidanganya hanikomoi mimi."

"Najua nilikwambia nini."

"Basi kesho."

Kesho yake alifanya. Seremala naye alikuwa amepata habari, akaja hospitalini siku ya mapumziko na futi mfukoni na penseli sikioni. Alipima urefu wa mkewe, akapima vitanda, akatikisa kichwa. Baadaye alileta vigogo imara vya mbao, vyenye mashimo ya kuingilia miguu ya vitanda, na kwa kila kitanda kidato kipana chenye mshikio, ili wagonjwa wapande bila shida. Vitanda vikainuka mpaka kiunoni mwa Mama Viungo. Seremala alirudi nyuma akavitazama, akapuliza vumbi la mbao kwenye vidole vyake.

"Kumbe muda wote huu," akasema, "dawa ilikuwa kwangu, na wewe unalaumu mto."

Miwani nayo ikabadilishwa, akapata nyingine ya kazini tu. Lakini siku za kuacha vidonge zilikuja kama daktari alivyosema. Kichwa kiligonga kama ngoma ya harusi ya adui. Ilipotimia siku ya tatu au ya nne ya mateso hayo, Mama Viungo aliketi ofisini ameshika kichwa, na Taratibu alipoingia alimwambia neno ambalo hakulikusudia. "Haya mambo yako ya polepole hayanisaidii. Niache nijinyooshe mwenyewe, nimalize."

Taratibu akasimama mlangoni.

"Ukiigusa tena shingo hiyo kwa nguvu, Mwalimu, nitaacha kukutibu. Nitakwenda nyuma ya jengo nilie, lakini nitaacha. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba huruma isiyo na msimamo inaua."

Mama Viungo alimtazama binti yule, mdogo kwa umbo, amesimama mbele yake bila kurudi nyuma. Akakumbuka kwamba wanagenzi wengi walipita ukumbini mwake, na kwamba aliwapima kwa wepesi wa mikono yao. Aliinuka, akaenda kitandani, akalala chali.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Taratibu vile vile."

Nafuu haikuja kwa mstari ulionyooka. Ilikuja kama mvua za mwanzo, leo tone, kesho jua, kisha manyunyu. Kwanza asubuhi zikawa tulivu. Kisha alasiri. Maumivu nyuma ya jicho yakapungua makali, yakawa mgeni badala ya mpangaji, hatimaye mgeni wa nadra. Siku moja akiwa njiani kwenda chumba cha dawa, mtu alimwita kwa nyuma. Aligeuza shingo tu, akajibu, akaendelea na safari. Alifika mlangoni ndipo akatambua alichofanya. Alirudi ukumbini akasimama mbele ya Taratibu, akageuza shingo kulia, akageuza kushoto. Taratibu akakunja mikono kifuani kama alivyoona ikikunjwa miaka yote, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi.

Mwashi naye alikuwa amekataa kuviachia vyuma tangu siku ile. "Namsubiri mwenzangu apone," aliwaambia watu. Sasa Mama Viungo alimfunga mkanda, akaushika, akasimama nyuma yake, kidevu mahali pake. Mwashi akaachia. Alitembea mpaka mwisho wa vyuma, akavipita, akatembea mpaka dirishani, akagusa ukuta kwa kiganja, akaupapasa na kuutazama kwa jicho la kazi.

"Huu ukuta aliupiga lipu mtu mwenye haraka," alisema, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mwaka ule, kama ilivyo desturi ya hospitali, wanafunzi wapya wa chuo waliletwa ukumbini wafundishwe somo la shingo. Somo hilo lilikuwa la Mama Viungo tangu jengo halijapakwa rangi. Walimkuta amesimama kando ya kitanda, koti jeupe limepigwa pasi. Aliwakaribisha, kisha akavua miwani, akapanda kidato, akalala chali mbele yao wote.

"Shingo ya leo ni yangu," alisema. "Na mwalimu wa leo ni huyu. Mtazameni mikono. Msitazame ataifikisha wapi, tazameni anavyoisikiliza."

Wanafunzi walitazamana. Taratibu alisita kidogo, kisha akaweka vidole vyake kisogoni mwa mwalimu wake na kuanza kueleza. Sauti yake ilikuwa ndogo mwanzoni, ikazidi kupanuka. Alieleza habari ya kidevu, ya miwani, ya vitanda, ya vidonge. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono.

"Samahani, Mama. Kama wewe ndiye uliyemfundisha yeye, kwa nini hukujitibu?"

"Nilijitibu," Mama Viungo akajibu kutoka kitandani. "Ndiyo maana nikazidi kuumwa."

Walicheka, naye akacheka nao, na safari hii kicheko hakikumgonga popote. Alilala akiisikia sauti ile ikifundisha juu yake, maneno mengine yakiwa yake yeye, mengine mapya ambayo hakuwahi kuyafikiria, na kifua kikamjaa mpaka pumzi ikawa fupi. Wazazi hujisikia hivyo siku mtoto anapojenga nyumba iliyo imara kuliko ya kwao.

Wanafunzi walipoondoka, ukumbi ukabaki na harufu ya sabuni na mwanga wa dirishani. Mama Viungo alishuka kwenye kidato, akavaa miwani. Akamwona Taratibu akikung'uta mkono wa kulia, kisha akikikanda kidole gumba kwa mkono wa kushoto.

"Kidole kina nini?"

"Si kitu, Mwalimu. Kazi tu. Kimekuwa kikinisumbua kidogo, lakini najua la kufanya. Nitakikanda mwenyewe nikifika nyumbani."

Mama Viungo alivuta kigoda kwa mguu, akakiweka mbele ya kitanda, akakionyesha kwa kidevu kilichotulia mahali pake.

"Keti."

Taratibu akaketi, akanyoosha mkono, na mikono mipana ya mwalimu wake ikakipokea kidole kile polepole, bila haraka yoyote, ikikisikiliza kwanza. Waliosema hawakukosea: mganga hajigangi.